Njia ya mbao ya Gazi: huduma inayompa mwananchi nafasi ya kukagua mikoko yake kwa miguu

Miradi ya kulinda fukwe na kurejesha mikoko katika pwani yetu hulipiwa kwa fedha ambazo mwenyewe ni mwananchi: ama ni kodi anayokatwa leo, ama ni mkopo utakaolipwa na wanawe, ama ni ruzuku iliyoombwa kwa jina lake. Hata hivyo ni nadra mwananchi huyo kupata nafasi ya kuingia ndani ya mradi wenyewe, akaona kilichopandwa, kilichoota na kilichokufa, kisha akamuuliza maswali mtu anayeutunza. Kijijini Gazi, katika kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa, nafasi hiyo ipo, tena mtu huilipia kama anavyolipia huduma nyingine yoyote. Kwa hiyo nimeona ni haki kuitathmini kama huduma: kinachotolewa, namna kinavyotolewa, na kama kinastahili fedha na muda wa mgeni, hasa mgeni aliye mwenyeji wa pwani hii, ambaye mikoko ameizoea kiasi cha kutoitazama tena.

Huduma hii ina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni njia ya mbao inayopita ndani ya msitu wa mikoko. Inaendeshwa na kikundi cha akina mama wa kijiji, ambao huwatembeza wageni, huwaeleza habari za miti na viumbe wake, na huwapikia walioagiza chakula mapema. Ya pili ni Mikoko Pamoja, mradi wa jamii za Gazi na Makongeni ulioanza kuuza hewa ukaa mwaka 2013, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo msitu huifyonza na kuihifadhi, na unaotambuliwa kuwa wa kwanza duniani kufanya biashara hiyo kwa msitu wa mikoko ulio mikononi mwa jamii. Mgeni anaweza kuja kwa ajili ya njia ya mbao peke yake, asijue lolote kuhusu mradi, na bado akarudi kwao ameridhika. Ushauri wangu ni aombe kuelezwa yote mawili, kwa sababu matembezi humwonyesha msitu, na habari za mradi humweleza kwa nini msitu huo bado umesimama.

Kufika si kazi ngumu. Anayetoka Mombasa huvuka Likoni kwa feri, au akiwa na gari lake huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, kisha hushika barabara kuu iendayo Lunga Lunga. Matatu za Msambweni hupita Ukunda na kumshusha abiria kwenye njia panda ya Gazi, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa bodaboda au wa miguu hadi kijijini. Mwenye muda aanze na Kaya Kinondo iliyo upande huo huo wa pwani, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, kwani kuona kwa siku moja msitu unaolindwa kwa mila na msitu unaolindwa kwa mkataba kunampa mtu mengi ya kulinganisha. Gazi penyewe pana historia yake: hapa ndipo palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka mpaka na kuingia upande wa Wajerumani.

Jambo moja ambalo mgeni analazimika kulipanga mwenyewe ni maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hupita mita 3, na msitu unaoonekana saa nne asubuhi huwa si ule utakaoonekana saa kumi jioni. Maji yakiwa yamejaa, mtembezi huona matawi na vivuli, na mizizi yote huwa imefunikwa. Yakiwa yamekupwa, huona tope, mashimo ya kaa, konokono waliojazana kwenye mashina, na mizizi yenyewe ilivyofumana. Kwa maoni yangu wakati bora ni kufika maji yanapoanza kupwa, ili mtu ayaone yakiondoka na aione kazi ya mizizi katika kuyapunguza kasi. Anayeweka nafasi aulize kwanza saa za maji ndipo apange saa ya kutoka nyumbani. Wenyeji wanazijua kwa kichwa na hawachoki kuzieleza.

Matembezi yenyewe ndiyo kiini cha huduma, na hapa ndipo ninapoipa alama za juu kabisa. Njia imeinuliwa juu ya tope kwa nguzo, kwa hiyo mtu hupita katikati ya miti bila kukanyaga miche wala kuvuruga mashimo ya kaa. Mama aliyetutembeza alikuwa mtu wa makamo, na baada ya kumwamkia na kuitikiwa marahaba tulielewa kuwa hatutasomewa maelezo yaliyokaririwa. Alisimama kwenye mchu, mojawapo ya aina za mikoko, akachuma jani, akaligeuza na kunipa. “Hili usilitazame tu, mwanangu, lilambe,” akasema. Ulimi ulikutana na chumvi kavu iliyokuwa imetolewa na jani lenyewe, na kwa tendo hilo moja nikawa nimefahamu namna mti unavyoweza kunywa maji ya bahari na kuishi: mchu hunyonya chumvi na kuitoa kupitia majani, ilhali aina iitwayo mkoko huizuia kwenye mizizi isiingie kwa wingi.

Kenya ina aina 9 za miti ya mikoko, na mwongozaji mzuri huitaja kwa majina yake ya Kiswahili na matumizi yake, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko maelezo yoyote ya kwenye vibao. Mlilana hukaa mbele kabisa, unakopigwa na mawimbi. Nyuma yake huja mkoko wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu mingi, kisha muia, kisha mkandaa ambao gome lake lilitumika kutia rangi na kulainisha ngozi. Mchu una tabia ya pekee ya kuonekana pande zote mbili, upande wa bahari na tena upande wa nchi kavu ambako chumvi ni kali zaidi. Wapo pia mkomafi, msikundazi na kikandaa. Wazee waliojenga nyumba za pwani waliipanga miti hii kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, kila kimoja na mahali pake katika paa au ukuta. Ukiyasikia majina hayo huku umeushika mti wenyewe, huhitaji kuelezwa kwa nini msitu huu ulikatwa.

Na ulikatwa kweli. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mikoko ya Gazi ilifyekwa ili kupata kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na palipokuwa na miti pakabaki tope tupu, na mbele ya bahari pakabaki mchanga unaohama. Kwa jina mikoko ya Kenya ilikuwa imekwisha kulindwa tangu zamani, kwa tangazo la mwaka 1932 na baadaye kwa tangazo la kisheria la mwaka 1964, ambayo yaliifanya kuwa misitu ya serikali. Karatasi hizo hazikuzuia shoka. Mwaka 1982 kukawa na marufuku ya kusafirisha boriti nje ya nchi, lakini mahitaji ya ndani ya kuni na ya miti ya kujengea yaliendelea. Ukiitazama Gazi kwa mfuatano huo utaona kwamba ulinzi ulianza kuwa wa kweli siku watu wa kijijini walipopewa sababu ya kuusimamia msitu na uwezo wa kufanya hivyo.

Kazi ya kurejesha ilianza mwaka 1991, kwa majaribio ya upandaji yaliyofanywa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo pwani nzima huijua kama KMFRI, na mwanasayansi James Kairo amekuwa katika kazi hiyo tangu siku hizo. Mche wa mkoko huota ungali juu ya mti mama. Hurefuka, wa kijani, mwembamba kama ganda la mlonge, hadi unapokomaa na kudondoka, ukajichoma kwenye tope au ukachukuliwa na maji mpaka utakapopata pa kushika. Kwa kuwa hauhitaji kitalu, mkoko ndio unaopendwa na wapandaji wote, na hapo pana hatari ambayo Gazi inaieleza vizuri kuliko mahali popote nilipowahi kufika: si kila tope ni mahali pa mkoko. Kila aina ina kimo chake cha maji, na mche uliotiwa mahali ambapo maji hukaa muda mrefu kupita kiasi hufa hata kama umepandwa kwa mikono ya waziri.

Omba upelekwe kwenye mashamba ya mikoko yaliyopandwa miaka ya 1990. Kwa mtu asiyeelezwa ni msitu tu, lakini ukitazama kwa makini unaona mistari, kwamba miti imesimama kwa mpangilio ambao mbegu za bahari haziwezi kuufuata. Chini yake mizizi imeshikana na miche iliyojiotea yenyewe imejaa. Mwongozaji akikwambia kwamba hapa palikuwa tope tupu, macho hukataa kukubali. Kisha omba upelekwe ufukweni, mahali palipokuwa na mlilana kabla haujakatwa. Huko utaona upande mwingine wa habari: mawimbi yanayofika bila kizuizi huhamisha mchanga na kung'oa miche, na mlilana uliofyekwa zaidi ya miaka 40 iliyopita haujarudi ulivyokuwa. Huduma inayomwonyesha mgeni mahali palipofaulu peke yake ingekuwa nusu ya huduma. Wenyeji wa Gazi hawaoni haya kuonyesha mahali palipowashinda, na kwangu hiyo ndiyo alama kubwa ya uaminifu.

Nasema hivyo kwa sababu nimehudhuria sherehe za upandaji mahali pengine katika pwani hii, zilizoandaliwa na taasisi ambazo sina haja ya kuzitaja, na nimerudi baadaye katika mojawapo ya sehemu hizo nikakuta vijiti vikavu. Pale palikuwa na bendera, fulana mpya, hotuba na idadi ya miche iliyotangazwa mbele ya kamera. Hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kurudi baada ya miezi mitatu kuhesabu iliyo hai. Nchi imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na sehemu ya lengo hilo imo katika mikoko. Ikiwa hesabu itaendelea kuwa ya miche iliyotiwa ardhini, fedha nyingi za umma zitaishia kuchukuliwa na maji ya bamvua la kwanza. Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 umeeleza kwamba kati ya hekta 61,271 za mikoko nchini, karibu asilimia 40 imeharibika. Kwa kiwango hicho cha uharibifu, kujua mahali pa kupanda, mahali pa kuacha paote penyewe, na mahali ambapo kwanza panahitaji kufunguliwa njia ya maji, ni kazi ya ujuzi, na ujuzi huo hulipwa mishahara mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo ninapoona thamani halisi ya fedha zilizowekwa Gazi. Tangu majaribio ya kwanza ya mwaka 1991 hadi tani ya kwanza ya hewa ukaa kuuzwa ilipita zaidi ya miaka 20. Katika miaka hiyo watumishi wa umma walikuwa wakipima unene wa mashina, wakichimba tope kupima kaboni iliyozikwa humo, wakiandika mche upi umekufa na kwa nini. Kazi ya namna hiyo haina siku ya uzinduzi na haikatiwi utepe. Lakini pasipo vipimo hivyo mradi haungekuwa na cha kumwonyesha mnunuzi, kwa kuwa mnunuzi wa hewa ukaa hanunui mti, hununua ushahidi. Baadaye zilikuja pia fedha nyingine za umma: za utafiti kutoka Uingereza, na katika pwani nzima Mradi wa Maendeleo ya Pwani ya Kenya, ulioidhinishwa mwaka 2010 kwa mkopo wa dola milioni 35 wa Benki ya Dunia na ruzuku ya dola milioni 5 ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ambao kupitia Hazina ya Maendeleo ya Pwani ulivipa vikundi vya vijijini ruzuku ndogo. Mtu anayeuliza mkopo wa namna hiyo ulifanya nini anapaswa kuvifikia vikundi kama hivi, kwa sababu jibu halipatikani Nairobi.

Mikoko Pamoja yenyewe ni mradi mdogo kwa eneo. Unahusu hekta 117, nyingi zikiwa msitu wa asili na takriban 10 zikiwa za miti iliyopandwa, na huuza kiasi cha tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka chini ya viwango vya Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya namna hii. Msitu ni wa serikali, na jamii husimamia sehemu hiyo kwa makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya kupitia chama cha jamii cha misitu cha Gogoni na Gazi. Mauzo hupitia shirika la hisani la Scotland, na fedha zinaporudi, baada ya kutolewa gharama za ulinzi, upandaji na upimaji, wanakijiji hukaa barazani na kuamua zitumike wapi. Maji ya bomba na mahitaji ya shule ndiyo yaliyopewa nafasi ya mbele. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mimi nilivutiwa zaidi na mivinje iliyopandwa nchi kavu, kwani waliobuni mradi walitambua kwamba ukimkataza mtu kukata boriti bila kumpa mti mwingine wa kujengea, atakwenda kuikata kwa jirani.

Namwomba msomaji asiipuuze huduma hii kwa sababu ya udogo wa fedha hizo. Mapato ya tani 3,000 hayawezi kubadilisha uchumi wa kata, na anayekuja akitarajia kuona utajiri hatauona. Atakachoona ni mfereji wa maji wenye foleni ya ndoo, ambao watu wanaweza kukueleza fedha zake zilitoka wapi na zilipangwa na nani. Katika miradi mingi ya umma ninayoijua, maswali hayo mawili hujibiwa kwa kuelekezwa ofisi nyingine.

Inafaa pia kulinganisha na njia nyingine ya kuikabili bahari, ambayo ni kujenga ukuta. Dar es Salaam, kando ya Barack Obama Drive, ukuta uliokamilika mwaka 2018 ulijengwa kwa fedha za Mfuko wa Kimataifa wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, chini ya usimamizi wa Ofisi ya Makamu wa Rais na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira. Sina ugomvi na ukuta ule. Barabara ilikuwa inaliwa, na mahali ambapo jiji limefika hadi ukingoni mwa maji hapana nafasi ya kupanda msitu. Lakini ukuta hulinda kile kilicho nyuma yake tu. Wimbi linaloupiga hurudi na nguvu zake, huchota mchanga chini ya msingi na huongeza kula ufuo mahali ukuta unapoishia. Msitu wa mikoko hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa: tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba upana wa mita 100 wa mikoko unaweza kupunguza kimo cha wimbi kwa asilimia 13 hadi 66, ikitegemea aina ya miti na kina cha maji, na wakati huo huo mizizi hukamata tope na kuinua ardhi kidogo kidogo. Msitu ukivunjika, unaweza kujiotea tena. Saruji ikipasuka, husubiri bajeti. Kwa hiyo palipo na nafasi na tope, naona ni kosa la matumizi ya fedha kuanza na saruji, na njia ya mbao ya Gazi inamfanya mtu aione hoja hiyo kwa macho badala ya kuisoma.

Chakula nacho kinastahili maneno yake. Anayeagiza mapema huandaliwa chakula cha Kiswahili: wali wa nazi, samaki wa kupaka na mboga. Samaki tuliopewa alikuwa amechomwa kwanza kwa makaa, tui likapakwa mara kwa mara mpaka likashika ngozi, na ndimu ilikuwa imetiwa kwa kipimo. Nimekula samaki wa kupaka katika mikahawa ya bei kubwa Mombasa ambaye hakumfikia huyu. Kuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya sahani hiyo na msitu, kwa kuwa samaki wengi, kamba na kaa wa pwani hii hupitisha utoto wao kwenye mizizi ya mikoko. Wavuvi wa Gazi hawahitaji kuambiwa hilo na mtu yeyote.

Yapo mambo ambayo ningependa yaboreshwe, na nayasema kwa nia njema. La kwanza ni la asili ya mbao: ubao uliokaa juu ya maji ya chumvi, ukiloa na kukauka mara mbili kila siku, hauna maisha marefu, na njia ya namna hii hudai ukarabati usiokwisha. Kazi hiyo haifai kuachiwa mapato ya wageni peke yake, ambayo hupungua masika inaposhika na mara tu utalii unapotetereka. Ikiwa serikali ya kaunti na ya taifa hupata fedha za kupanda miche mipya kila mwaka, fungu dogo la kutunza njia inayowafundisha watu habari za miche hiyo lingekuwa matumizi ya busara. La pili ni kwamba wazee wenye magoti mabovu na watu wanaotumia viti vya magurudumu hawafikiki kwa urahisi na njia nyembamba ya mbao. Anayewapeleka awasiliane na wenyeji kwanza, ili apangiwe sehemu fupi inayowafaa.

La tatu ni zito zaidi, na halimo mikononi mwa akina mama wa Gazi. Mapato ya hewa ukaa hutegemea wanunuzi walio mbali, ambao bei yao hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusiana kabisa na afya ya mikoko. Sheria ya Kenya ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 imeweka sharti kwamba miradi ya hewa ukaa inayotegemea ardhi itoe si chini ya asilimia 40 ya mapato yake ya mwaka kwa jamii, na iwe na makubaliano ya maendeleo yaliyoandikwa. Ni hatua njema. Hata hivyo ulinzi wa fukwe ni huduma ambayo watu wote wa pwani wanaipata, pamoja na wenye hoteli na wenye viwanja vya ufukweni ambao hawajawahi kulipia hata mche mmoja. Sioni kwa nini mzigo wake ubebwe na vijiji viwili na mnunuzi wa Ulaya. Kaunti ya Kwale ina hekta 8,354 za mikoko. Hekta 117 ni sehemu ndogo sana ya hizo. Kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, jamii za Vanga, Jimbo na Kiwegu zimefuata mfano huu kwa hekta 460, na hilo linaonyesha kwamba mfano unaigika pale palipo na watafiti wa umma wa kuushika mkono.

Ada sitaitaja kwa kuwa hubadilika, ila nilichotozwa kilikuwa chini ya ninachotoa kwa chakula cha mchana mjini, na kwa matembezi yenye mwongozaji mjuzi naiona kuwa ni ndogo kuliko inavyostahili. Naipa huduma hii alama 9 kati ya 10, na ile moja nimeizuia kwa ajili ya ukarabati ambao wenye fedha za umma wanapaswa kuuwekea fungu.

Ningependa kuwaona huko hasa walimu wa sayansi na jiografia wa shule za pwani, madiwani wanaopitisha bajeti za mazingira, na wenzetu wa Tanga, Pangani na Pemba ambao fukwe zao zinaliwa. Mwalimu anayepeleka darasa achague siku ya bamvua, alifikishe mapema maji yakiwa juu, na asiondoke mpaka yamekupwa. Aagize chakula angalau siku moja kabla, awaambie wanafunzi wavae viatu vinavyoshika ubao uliolowa, na aombe maelezo yatolewe kwa Kiswahili, maana kwa lugha hiyo ndipo majina ya miti, ya maji na ya vipimo vya boriti hutoka kwa mwongozaji bila kutafutwa. Na yeyote atakayefika aulize kuhusu mwaka 2033, ambapo kipindi cha miaka 20 cha makubaliano ya Mikoko Pamoja kinafikia mwisho: nani atalipia upimaji baada ya hapo, na mazungumzo ya kuurefusha mkataba yameanza na nani. Swali hilo aliulize Gazi, kisha alipeleke kwa mbunge wake.